Masaa matatu yaliyopotea: kutafuta chanzo tarehe na saa zinapoharibika kwenye huduma za Java

Kama skrini inaonyesha 06:30 na saa ya ukutani inasema 09:30, ruka utangulizi huu uende dalili ya kwanza. Ndiyo inayowaleta watu wengi. Hitilafu zilizo hapa nimezikuta zaidi ya mara moja katika kazi za Kisumu, Nakuru na Kakamega: zahanati, vituo vya kukusanya maziwa, mizani ya miwa, vyama vya akiba na mikopo. Mifumo ni tofauti lakini ugonjwa ni uleule, na mara nyingi mzizi wake ni swali ambalo hakuna aliyeliuliza siku ya kuunda jedwali: hii ni nukta ya wakati, au ni siku ya kalenda?

Malipo hufika kwa nukta moja ya wakati, ileile duniani kote, hata kama Kisumu inaiita 09:30 na London inaiita 06:30. Siku ya kuzaliwa haina saa wala ukanda wa saa. Mtoto wa tarehe 14 Machi anabaki wa tarehe 14 hata akihamia Toronto. Java ina aina ya data kwa kila moja: `Instant` au `OffsetDateTime` kwa nukta ya wakati, `LocalDate` kwa siku ya kalenda. Aina hizi zimekuwepo tangu Java 8 ilipotoka mwaka 2014. Ukibeba zote mbili kwa `java.util.Date` ya zamani, nusu ya dalili zilizo hapa chini zitakufikia siku moja.

Jambo moja la lugha kabla hatujaendelea. "Saa tatu" kwa Kiswahili ni wakati, yaani 09:00, na pia ni muda. Hapa nitaandika *masaa matatu* nikimaanisha muda, ingawa walimu wa sarufi hawalipendi umbo hilo, kwa sababu katika kazi hii kuyachanganya mawili hayo kunagharimu.

## Kabla ya kugusa msimbo

Chukua rekodi moja unayoujua ukweli wake, kwa mfano malipo ambayo risiti yake iko mkononi mwako. Andika karatasini thamani tatu: ilivyo kwenye hifadhidata, ilivyo kwenye JSON ghafi (maandishi ya data ambayo seva hutuma) unayoipata kwa amri ya `curl`, na inavyoonekana kwenye skrini ya mtumiaji. Mahali thamani inapoharibika kwa mara ya kwanza ndipo pa kutengeneza, hata kama malalamiko yametoka mahali pengine.

Kisha weka mstari huu kwenye programu na uusome katika logi za seva yenyewe, si za kompyuta yako:

```java
System.out.println(ZoneId.systemDefault() + " " + Instant.now());
```

Ukiona `Africa/Nairobi` kwenye kompyuta yako na `UTC` (wakati wa rejea wa dunia, masaa matatu nyuma ya Nairobi) kwenye seva, umeshapata nusu ya jibu.

## Dalili ya kwanza: wakati umerudi nyuma masaa matatu

Kenya iko UTC+3 mwaka mzima, hatusogezi saa wakati wa kiangazi kama Ulaya. Kwa hiyo pengo la masaa matatu kamili lina maana moja: mahali fulani wakati umehesabiwa kwa UTC na mahali pengine umesomwa kama wa Nairobi. Vyanzo, kuanzia unaopatikana zaidi:

Anotesheni isiyotaja ukanda. Mtu ana `Date` kwenye darasa lake na ameipamba hivi:

```java
@JsonFormat(pattern = "yyyy-MM-dd HH:mm:ss")
private Date mudaWaKupokelewa;
```

Jackson, maktaba inayogeuza obujekti za Java kuwa JSON katika miradi mingi, hutumia UTC usipoiambia vingine. Haiangalii ukanda wa seva. Malipo ya 09:30 yanatoka yakiwa 06:30, na kwa kuwa ruwaza hiyo haina alama yoyote ya ukanda, anayepokea hana njia ya kujua. Dawa ya haraka ni kuongeza `timezone = "Africa/Nairobi"` ndani ya anotesheni, au `spring.jackson.time-zone=Africa/Nairobi` kwa wanaotumia Spring Boot, mfumo wa kujengea huduma za Java. Dawa ninayoipendelea ni kuondoa ruwaza kabisa, kubadilisha aina iwe `Instant`, na kuiacha JSON iseme `2025-03-14T06:30:00Z`. Ile Z ya mwisho ina kazi kubwa: inamwambia kila msomaji kwamba hii ni UTC, naye ageuze mwenyewe anapoonyesha.

Usiandike `EAT` (East Africa Time) mahali pa ukanda. Ndani ya Java kifupi hicho ni urithi wa zamani na kinaelekezwa `Africa/Addis_Ababa`. Andika jina kamili.

Kontena (kifurushi ambamo programu huendeshwa kwenye seva) iliyo kwenye UTC. Programu inatumia `LocalDateTime.now()`. Kwenye kompyuta ya ofisini Milimani inatoa saa sahihi. Ikipandishwa kwenye kontena, inatoa saa za UTC, na hakuna kosa lolote linaloandikwa kwenye logi. `LocalDateTime` haibebi ukanda, kwa hiyo makosa yake hayana sauti. Unaweza kuweka `TZ=Africa/Nairobi` kwenye kontena au kuwasha Java kwa `-Duser.timezone=Africa/Nairobi`, na kazi itaendelea leo. Lakini hiyo ni bendeji: siku mtu mwingine akihamisha seva na kusahau mpangilio huo, jeraha litafunguka tena. Badilisha `LocalDateTime.now()` iwe `Instant.now()` kwa kila tukio.

Skrini inasoma maandishi yasiyo na Z. Seva inatuma `2025-03-14T06:30:00`, na kivinjari, kwa kuona hakuna ukanda uliotajwa, kinaamini ni saa ya hapa. Hitilafu inaonekana kwenye skrini lakini mkosaji ni seva iliyotuma wakati nusu.

Dereva wa hifadhidata, yaani kiunganishi kati ya Java na hifadhidata, anageuza bila kukuambia. Hili si la mara kwa mara, ila likitokea linauma. Hibernate, maktaba ya Java ya kuhifadhi na kusoma data, ina mpangilio `hibernate.jdbc.time_zone`, uweke `UTC` ili isitegemee ukanda wa mashine. Dereva wa MySQL una `connectionTimeZone`, ambao matoleo ya awali yaliuita `serverTimezone`. Kwenye PostgreSQL, safu ya tukio iwe `timestamptz`, si `timestamp` tupu.

> Simama hapa. Ukigundua kwamba rekodi za kabla ya tarehe fulani ziliandikwa kwa UTC na za baadaye kwa saa za Nairobi, usiguse data. Ukibadilisha mpangilio wa dereva sasa, utatengeneza nusu na kuharibu nusu. Chukua nakala ya hifadhidata, kisha mwite msimamizi wa hifadhidata aliyewahi kufanya kazi ya kuhamisha data. Kama rekodi hizo zinahusu dozi za dawa, mishahara au riba ya mikopo, mwite kabla ya kufanya jaribio lolote.

Na tafadhali, popote utakapoona `plusHours(3)` ndani ya msimbo, jua kuna mtu alitibu homa kwa kuvunja kipimajoto. Niliwahi kuitwa kwenye mfumo wa zahanati ambako fundi mmoja aliongeza masaa matatu kwa mkono. Miezi kadhaa baadaye mwenzake akarekebisha ukanda wa seva ipasavyo, na miadi yote ikaruka mbele. Wauguzi walirudi kwenye daftari kwa siku nne. Kila aliyegusa mfumo alikuwa na nia njema.

## Dalili ya pili: tofauti ni masaa sita kamili

Hii wageni hawaielewi, ila sisi tunapaswa kuishuku mapema. Kituo kimoja cha maziwa upande wa Njoro kilikuwa na rekodi za mapokezi ya saa sita na robo usiku. Hakuna anayepeleka maziwa usiku wa manane. Karani aliandika 12:15 kwa maana ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, yaani 06:15, na fomu ya kuchagua AM na PM ikamfikisha 00:15.

Tofauti ya masaa sita ina vyanzo viwili, na kuvitenga ni rahisi. Kama imepata baadhi tu ya rekodi, zile zilizoandikwa na binadamu, basi ni saa za Kiswahili zimeingia kwenye kisanduku cha saa za kimataifa. Kama imepata kila rekodi, hata zile zinazotengenezwa na mashine yenyewe, basi wakati umegeuzwa mara mbili upande uleule.

Kwa chanzo cha kwanza, tiba iko kwenye fomu. Tumia kisanduku cha masaa 24 bila AM na PM, na kando yake onyesha maneno yanayothibitisha: mtu akiandika 06:15, aone "saa kumi na mbili na robo asubuhi" kabla ya kubonyeza hifadhi. Kuipata saa ya Kiswahili kutoka saa ya kimataifa ni hesabu ndogo:

```java
int k = (saa + 6) % 12;
if (k == 0) k = 12;
```

Saa 9 inatoa 3, saa 7 inatoa 1, saa 18 inatoa 12. `DateTimeFormatter` haina herufi ya saa za Kiswahili, ingawa tangu Java 16 ina `B`, inayoandika kipindi cha siku kama asubuhi au jioni kwa lugha uliyoichagua. Mahali pa hesabu hii ni kwenye kuonyesha tu. Usiitume ndani ya JSON kamwe. Anayepokea upande wa pili hatajua kwamba 3 yako ni 9.

Rekodi zilizokwisha kuingia vibaya usizisahihishe kwa amri moja ya jumla. 12:15 nyingine ilikuwa 12:15 kweli. Kaa na karani na daftari lake.

## Dalili ya tatu: tarehe imerudi siku moja

Mama anaandikisha mtoto wa tarehe 14, kadi inatoka na tarehe 13.

Kwanza tazama kivinjari. Kisanduku cha kuchagua tarehe kinatengeneza usiku wa manane wa Nairobi, kisha msimbo wa JavaScript unaita `toISOString()`, ambayo hutoa UTC: `2025-03-13T21:00:00.000Z`. Upande wa seva sehemu ni `LocalDate`. Ungetarajia Jackson ikatae maandishi yenye saa ndani yake, lakini kwa kawaida haikatai: inachukua tarehe iliyo mwanzoni na kuitupa saa. Siku imepotea na hakuna kosa hata moja kwenye logi. Tengeneza upande wa kivinjari, utume `2025-03-14` tupu. Kisha ziba na upande wa seva kwa kuweka `lenient = OptBoolean.FALSE` kwenye `@JsonFormat` ya sehemu hiyo, ili kesho mtu akikosea tena, seva ipige kelele.

Kisha tazama aina ya sehemu. Siku ya kuzaliwa iliyobebwa na `java.util.Date` ni usiku wa manane wa mahali fulani, na usiku wa manane wa Nairobi ni saa 21:00 ya jana kwa UTC. Badilisha iwe `LocalDate` na safu ya hifadhidata iwe `DATE`.

Mwisho, na hapa naomba uvumilie, tazama umri wa mtu mwenyewe. Kuna hitilafu inayowapata wazee peke yao. Jedwali la kanda za saa ambalo Java hubeba ndani yake linaonyesha kwamba Nairobi haikuwa UTC+3 nyakati zote. Kulikuwa na vipindi vya masaa mawili na dakika 30, na vingine vya masaa mawili na dakika 45. Matoleo ya zamani ya jedwali hilo yanaweka zile dakika 45 kuanzia 1940 hadi mwisho wa 1959. Matoleo mapya, baada ya utafiti zaidi, yanaziweka kati ya mwanzo wa 1937 na mwisho wa Julai 1942.

Sasa chukua mzee aliyezaliwa 12 Januari 1950. Programu moja imeandika tarehe yake kwa `GMT+3`: usiku wa manane, sawa na 21:00 UTC ya tarehe 11. Programu nyingine, kwenye JDK (kifurushi cha Java yenyewe) ya zamani, inaisoma kwa `Africa/Nairobi`, inaongeza masaa mawili na dakika 45, na kupata 23:45 ya tarehe 11. Mzee amezaliwa jana yake. Mwanawe wa 1978 hana shida yoyote, wajukuu hawana shida, kwa hiyo aliyejaribu mfumo kwa tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa hakuona kitu. Ukipandisha JDK hadi toleo jipya, mzee wa 1950 anapona, lakini aliyezaliwa 1938 bado anaumwa. Na mzee ambaye tarehe yake haifanani na ya kitambulisho anaweza kurudishwa nyumbani kutoka dirishani bila huduma, baada ya kupanda matatu mbili kufika mjini. Ndiyo sababu ninasisitiza `LocalDate`: haina saa, kwa hiyo hakuna dakika 15 za kupotea.

> Simama hapa ikiwa tarehe hizo zimeshatumwa kwa mfumo wa bima ya afya, wa uandikishaji au wa mahakama. Kusahihisha upande wako pekee kunazalisha mtu mmoja mwenye tarehe mbili. Wasiliana na wenye mfumo wa pili kwanza, kwa maandishi.

## Dalili ya nne: JSON inatoa orodha ya namba

Ulitarajia maandishi, umepata `[2025,3,14,9,30]`, au namba ndefu kama `1741933800000`. Jackson 2 ikiachwa ilivyo huandika tarehe kama namba. Orodha hiyo ina mtego wake: sekunde zikiwa sifuri haziandikwi, kwa hiyo mara nyingi ina vipande sita na mara chache vitano, na programu ya simu inaanguka kwa wateja wachache bila mpangilio unaoonekana.

Spring Boot imeshazima tabia hii. Ukiiona ndani ya Spring Boot, tafuta kwanza `new ObjectMapper()` ambayo mtu ameiandika mwenyewe mahali fulani, kisha tafuta `@EnableWebMvc`, kwa kuwa zote mbili huweza kuisukuma kando mipangilio ya Spring Boot. Kwa JAX-RS, njia nyingine ya kujenga huduma za Java, andika `ContextResolver<ObjectMapper>` yenye `@Provider`, na ndani yake:

```java
mapper.registerModule(new JavaTimeModule());
mapper.disable(SerializationFeature.WRITE_DATES_AS_TIMESTAMPS);
```

Wengi hujaribu `spring.jackson.date-format` na kushangaa mbona haifanyi kitu. Mpangilio huo ni wa `Date` na `Calendar`. Aina za `java.time` hazijali. Kwa wanaohamia Jackson 3, tabia imegeuzwa: tarehe hutoka kama maandishi bila kuomba, na moduli ya `java.time` imo ndani tayari. Kama wateja wako walizoea namba, hilo ndilo litakalowavunja.

Ikiwa badala ya orodha umepata kosa lenye maneno `not supported by default` na jina `jackson-datatype-jsr310`, moduli haipo. Iongeze, na toleo lake lilingane na la Jackson yenyewe.

## Dalili ya tano: mwaka hauna akili

Januari 1970. Umepokea sekunde ukazisoma kama milisekunde. `1741933800` ni 14 Machi 2025 saa 09:30 ya Nairobi. Ukiihesabu kama milisekunde inakuwa 21 Januari 1970. Tumia `Instant.ofEpochSecond`.

Mwaka 2611. Huu huku kwetu una chanzo kimoja karibu kila mara: M-Pesa. Jibu la ombi la STK, lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN, hurudisha `TransactionDate` kama namba, kwa mfano `20250314093000`. Hiyo si hesabu ya milisekunde, ni tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu zilizoshikana. Jackson ikikuta sehemu ya `Date` inaihesabu kama milisekunde na kukupeleka mwaka 2611. Ikikuta `LocalDateTime` inakataa kabisa, na kuweka ruwaza kwenye `@JsonFormat` hakusaidii, kwa kuwa ruwaza hutumika kwa maandishi tu. Ipokee kama maandishi, kisha isome mwenyewe:

```java
static final DateTimeFormatter F = DateTimeFormatter.ofPattern("yyyyMMddHHmmss");

static Instant soma(String s) {
    return LocalDateTime.parse(s, F)
        .atZone(ZoneId.of("Africa/Nairobi")).toInstant();
}
```

Ukitumia Gson, maktaba nyingine ya JSON, na sehemu ya aina `Object`, namba hiyo inageuka kuwa desimali na maandishi yake yanakuwa `2.0250314093E13`. Ukiona E katikati ya tarehe, hapo ndipo.

Upande wa kutuma, maelezo ya API hueleza muda kwa herufi kubwa tupu, YYYYMMDDHHMMSS. Hayo ni maelezo ya binadamu, mwaka kisha mwezi kisha siku. Ukiyanakili ndani ya Java yanakuwa kitu kingine: `YYYY` ni mwaka wa wiki, `DD` ni siku ya mwaka, `MM` ya pili ni mwezi tena mahali pa dakika, na `SS` ni sehemu ya sekunde. Kibaya zaidi, mwezi wa Januari siku ya mwaka ni sawa na siku ya mwezi, kwa hiyo anayeandika msimbo huo Januari ataona matokeo yanayokaribia ukweli, na Februari 1 inakuwa siku ya 32. Tena, tengeneza muda huo mara moja tu, uuhifadhi, na uutumie huohuo kwenye nenosiri linalojengwa kwa muda huo na kwenye ombi lenyewe. Ukiita saa mara mbili, sekunde ikibadilika katikati ombi linakataliwa, na utalaumu mtandao bure.

Mwaka unaruka mwishoni mwa Desemba. Ni ile `YYYY` tena. 31 Desemba 2024 iliangukia wiki ya kwanza ya 2025, kwa hiyo ruwaza `YYYY-MM-dd` ilitoa `2025-12-31`. Tafuta `YYYY` katika mradi wote leo, usingoje Krismasi. Ukiwa hapo tafuta pia `hh` isiyo na `a` kando yake: inafanya saa nane mchana na saa nane usiku ziwe zote 02.

## Dalili ya sita: ombi linakataliwa kwa kosa la 400

Kama tarehe iko ndani ya JSON, linganisha maandishi na ruwaza herufi kwa herufi. Kama iko kwenye anwani, yaani baada ya alama ya kuuliza, mipangilio yako yote ya Jackson haihusiki hapo. Spring inataka `@DateTimeFormat`, JAX-RS inataka `ParamConverterProvider`.

Alama ya kujumlisha ndiyo inayowapotezea watu mchana mzima. `2025-03-14T09:30:00+03:00` ikiwekwa kwenye anwani ilivyo, `+` inasomwa kama nafasi tupu. Iandike `%2B`, au tuma kwa UTC yenye Z uepukane nayo.

Kama ilikuwa ikifanya kazi hadi mlipopandisha Java, shuku majina ya miezi na AM/PM. Tangu Java 16 Kiingereza cha Uingereza hufupisha Septemba kuwa `Sept` badala ya `Sep`, na tangu Java 20 nafasi kabla ya AM kwa Kiingereza ni herufi nyembamba ya pekee ambayo jicho haliioni. Maandishi ya kusomwa na mashine yasiwe na majina ya miezi.

## Dalili ya saba: huduma za XML

Kosa linalosema `LocalDate` haina konstrakta tupu maana yake JAXB, maktaba ya kugeuza obujekti za Java kuwa XML, haiijui aina hiyo. Andika adapta:

```java
public class AdaptaYaTarehe extends XmlAdapter<String, LocalDate> {
    public LocalDate unmarshal(String v) {
        return v == null ? null : LocalDate.parse(v, DateTimeFormatter.ISO_DATE);
    }
    public String marshal(LocalDate d) {
        return d == null ? null : d.toString();
    }
}
```

Nimetumia `ISO_DATE` kwa makusudi. XML inaruhusu tarehe yenye ukanda, `2025-03-14+03:00`, na mshirika wako anaweza kuituma siku yoyote, `LocalDate.parse` ya kawaida ingeikataa. Sajili adapta mara moja katika `package-info.java` badala ya kuirudia kila sehemu. Ikiwa adapta ipo na haiitwi, angalia kama umechanganya `javax.xml.bind` na `jakarta.xml.bind`, JAXB iliondolewa ndani ya JDK kuanzia Java 11, na miradi mingi ina mabaki ya zote mbili.

> Simama hapa kama XML hiyo imewekwa sahihi ya kidijitali. Kubadilisha hata umbo la tarehe kunaivunja sahihi. Mwachie aliyeunda utaratibu wa sahihi.

## Dalili ya nane: tarehe za ajabu, wateja wakiwa wengi tu

Asubuhi kimya mfumo uko sawa. Siku ya kulipa wakulima, foleni ikijaa, zinatokea tarehe zisizo za mtu yeyote. Tafuta `static SimpleDateFormat`. Kifaa hicho hakiwezi kutumiwa na maombi mawili kwa wakati mmoja: moja linaanza kuandika tarehe yake, la pili linaingia katikati, na zote mbili zinatoka zimechanganyika. `DateTimeFormatter` haibadiliki ikishaundwa, kwa hiyo hata maombi mia yanaweza kuitumia pamoja. Badilisha, pandisha, na dalili itakoma siku hiyohiyo.

Lakini zile tarehe zilizoandikwa wakati wa foleni hazirudi kwa msimbo, kwa sababu hazikufuata kanuni yoyote unayoweza kuigeuza. Toa orodha ya rekodi zote za saa hizo, umpe mhasibu pamoja na risiti za karatasi, na msitoe malipo ya kundi hilo mpaka amalize kulinganisha.